Kelele ya steringi, na pampu niliyoibadilisha bure

Ilianza mwezi wa sita, wakati ambapo asubuhi ya Lushoto unaona pumzi yako mwenyewe ikitoka kama moshi. Nikiwasha gari, RAV4 ya mwaka 1998 yenye injini ya 3S, ilitoka sauti kama ya nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ilidumu dakika mbili tatu, kisha ikatulia. Nikajiambia ni baridi. Na kweli baridi ina sehemu yake, maana oili ya steringi ikipoa huwa nzito, pampu huivuta kwa shida, na magari mengi ya umri huu hunung'unika kidogo alfajiri. Lakini mwezi wa nane ulipoingia sauti haikuwa ya alfajiri tena. Ilinifuata sokoni, ikanifuata shuleni. Nikikata kona inapanda, nikinyoosha inashuka, nikikanyaga mafuta inapanda pamoja na injini.

Anayeishi huku juu anajua kwa nini nilikosa usingizi. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona, mkono mmoja jabali, mkono wa pili bonde. Pawa ya steringi ikikata ghafla, usukani haukatiki, kwa sababu bado umeunganishwa na magurudumu kwa chuma. Ila unakuwa mzito mno, na mkono uliozoea wepesi unaweza kuchelewa nusu sekunde. Kwenye kona za Soni nusu sekunde ni nyingi, hasa lori la mboga linaposhuka mbele yako.

Nikaenda gereji. Kijana aliyenipokea alifungua boneti, akaniambia nizungushe usukani hadi mwisho, akasikiliza kwa muda wa kuhesabu tano, akafunga.

"Pampu hiyo, mwalimu. Imeisha."

Sikumuuliza amejuaje. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii yote, na nalisema wazi kwa sababu naona watu wengi wanalirudia kila siku. Tukaagiza pampu ya mtumba kutoka Dar, laki na nusu ikatoka, ikafungwa. Nilidai ile ya zamani nirudishiwe, nikaitupa kwenye buti. Hiyo sikuifanya kwa busara yoyote, ni mazoea tu niliyoyapata kwa marehemu baba: kitu ulichokilipia kikitolewa, unaondoka nacho.

Gari likalia vilevile. Sauti ileile, kona zilezile. Kijana akasema pampu mpya inahitaji kuzoea. Baada ya wiki moja likaongezeka jambo jingine: haidroliki, kama mafundi wetu wanavyoiita oili ile nyekundu, ikaanza kupungua. Najaza hadi alama, siku tatu imeshuka kidole kizima. Nikalaza maboksi yaliyokunjuliwa chini ya gari usiku. Asubuhi nayachungulia kwa tochi, makavu. Nikabadilisha boksi, nikahisi labda nimelaza vibaya. Kavu. Oili inaondoka na haionekani inakoondokea.

Niliposhuka Korogwe kwa msiba, shemeji yangu alinipeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, mtu aliyetengeneza magari ya mashamba ya mkonge tangu ujana wake. Sitamtaja jina kwa kuwa hapendi mambo hayo. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamalizia kwa kusema nadhani nahitaji pampu ya tatu.

"Mwanangu," akasema, "pampu ni mtu wa mwisho kushtakiwa. Kwanza tuwaulize mashahidi."

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya gari likiwa bado limezimwa. Hakushika spana kwa karibu robo saa. Alinifundisha kwa maneno mfumo ulivyo, na nitaueleza hapa kama alivyoueleza, kwa sababu asiyejua njia ya oili hawezi kujua inapotokea.

Kuna kopo dogo lenye oili. Chini ya kopo kuna mpira mnene unaoshuka hadi kwenye pampu, na huo ndio upande wa kufyonza. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini, na ndani yake kuna gurudumu lenye vibamba vyembamba vya chuma, kwa kawaida 10 kwenye Toyota, vinavyochomoka na kurudi vikikwangua ukuta wa chumba chao. Vibamba hivyo ndivyo vinavyosukuma oili kwenye mpira wa shinikizo, ule wenye ncha za chuma zilizobanwa kwa mashine. Usukani ukifika mwisho kabisa, shinikizo kwenye mpira huo hupita mara 20 ya upepo wa tairi lako. Oili inaingia kwenye reki, yaani chuma kirefu kinachogeuza magurudumu ya mbele. Hapo kuna vali inayojipinda kidogo kila unapogeuza usukani, ikafungua njia ya kulia au ya kushoto, na oili ikaisukuma pistoni ya reki kukusaidia. Ikimaliza kazi inarudi kwenye kopo kwa mpira wa tatu, taratibu, bila shinikizo la maana. Basi, inazunguka hivyo siku nzima. Haichomwi kama petroli na hailiwi na injini. Ikipungua, kuna mahali imekwenda.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Chrysler waliiweka kwenye gari la kuuzwa kwa watu, Imperial, mwaka 1951, na wazo la msingi halijabadilika sana tangu hapo. Magari madogo ya siku hizi, Vitz na IST na jamaa zao, yanatumia mota ya umeme na hayana oili kabisa. Kama lako ni la aina hiyo na linalia, ugonjwa wake ni mwingine.

Sasa mashahidi. Wa kwanza ni sauti, na mzee alinikataza kuziita zote "kelele". Mluzi mkali wa ghafla unapowasha gari au unapokata usukani hadi mwisho ukiwa umesimama ni wa mkanda unaoteleza. Nyunyizia mkanda maji kidogo, na mluzi ukibadilika au ukikatika kwa muda, umempata. Shii kama ya mvuke usukani ukiwa umefika mwisho ni vali ya pampu ikijipunguzia shinikizo, nayo ni haki yake, usiitafutie dawa; uache tu mtindo wa kuushikilia usukani pale mwishoni, kwa sababu oili inachemka na pampu inajitafuna. Kugonga, ko-ko-ko, kwenye barabara ya makorongo si habari ya oili hata kidogo. Hapo kagua tairodi (vyuma vinavyounganisha reki na magurudumu), ncha za reki, na ile krosi ndogo kwenye shafti ya usukani. Nimemwona mtu akibadilishiwa pampu kwa ajili ya tairodi iliyochoka, na iliniuma kana kwamba fedha zilikuwa zangu.

Halafu kuna mngurumo, ule wa nyuki, unaopanda na injini na kuzidi ukikata kona. Huo ndio uliokuwa wangu. Ni pampu inayolalamika, ndiyo. Lakini analalamika kwa nini? Anaweza kuwa mgonjwa mwenyewe, beringi imekufa au vibamba vimelika. Anaweza pia kuwa mzima kabisa, ila anapewa upepo badala ya oili. Mlio unafanana, na ndiyo maana kusikiliza kwa kuhesabu tano hakutoshi.

Mzee akaniambia niwashe gari liungurume polepole bila kukanyaga mafuta, nizungushe usukani kulia na kushoto mara kadhaa, kisha niuweke katikati. Akafungua kifuniko cha kopo, akaniita.

"Tazama mwenyewe."

Oili ya steringi iliyo nzima ni nyekundu na unaona chini, kama juisi ya rozela iliyochujwa vizuri. Yangu ilikuwa ya waridi, imekorogeka, ina vipovu vidogo kama vya chai ya maziwa iliyomiminwa kwa juu. Akachovya kijiti, akakikwangua alama kwa ukucha pale oili ilipofika. Akaniambia nizime injini. Mbele ya macho yetu oili ikapanda ndani ya kopo, peke yake, bila mtu kuiongeza. Akachovya tena, akakwangua alama ya pili, akaweka rula yangu ya shuleni kati ya alama mbili. Zaidi ya milimita 10.

Kipimo hiki ni cha Toyota wenyewe: oili ikipanda zaidi ya milimita 5 baada ya kuzima injini, ndani ya mfumo kuna upepo. Sababu yake ni rahisi. Upepo ukibanwa na shinikizo unakuwa mdogo, shinikizo likiondoka unatanuka, na oili inasukumwa juu kwenye kopo. Kijiti na rula, gharama sifuri, dakika 3. Nilikaa nikikitazama kile kijiti nikafikiria laki na nusu yangu.

Upepo unaingia wapi basi? Hapa mzee alisema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Upande wa shinikizo ukitoboka, oili inatoka na unaiona. Upande wa kufyonza ukiwa na ufa, oili haitoki injini ikiwa inafanya kazi. Upepo ndio unaoingia. Pampu inavuta kama mtoto anayenyonya soda kwa mrija uliopasuka: soda haimwagiki, ila anameza mapovu. Ndiyo maana chini kunakuwa kukavu.

Akaufuata mpira wa kufyonza kwa vidole, kutoka kwenye kopo kushuka chini nyuma ya injini. Akaubinya mbele yangu. Mpira mzima unabonyea na kurudi. Huu ulitoa kasauti, kama ganda la mkate uliolala. Miaka ishirini na kitu ya joto la injini ilikuwa imeukausha. Kwenye ncha iliyokaa juu ya pampu palikuwa na pete nyembamba ya vumbi lililoshikamana na unyevu, jambo ambalo nisingeliona hata ningetazama mwaka mzima. Klampu ya springi ilizunguka yenyewe alipoisukuma kwa kidole gumba.

Lakini hakusema "ndiyo hii" akaanza kufungua. Injini ikiwa imezimwa, alichota grisi kwa kidole, akaizungushia ile ncha yote, nene, kama mtu anayekandika nyumba. Kisha akaniambia niwashe. Kwa dakika moja hivi sauti ilikuwa ileile. Halafu ikalegea. Tulipochungulia kopo, povu lilikuwa linapungua, na wekundu ulianza kurudi. Grisi si matengenezo, itavutwa ndani ikiachwa, lakini ilikuwa ni kipimo, na kilijibu. Sijawahi kuona swali likiulizwa kwa adabu kiasi kile kwa kitu cha chuma.

Ikabaki habari ya oili inayopotea, maana ufa wa kufyonza peke yake haumalizi kidole kizima kwa siku tatu.

"Moshi unatoa?" akaniuliza.

Nikakumbuka. Kwa wiki mbili nilikuwa naona moshi mweupe asubuhi, na nikausingizia ukungu wa Lushoto. Mzee akacheka kidogo, si kwa dharau, akaniambia nikae kwenye usukani. Nikawasha, nikakata hadi karibu na mwisho, na nyuma ya gari likatoka wingu jeupe lenye harufu ya oili iliyoungua, si ya petroli. Kuku walikimbia.

Pampu nyingi za Toyota za enzi hiyo zina kitu ambacho wenye magari wengi hawakijui. Ubavuni mwa pampu kuna vali ndogo ya hewa yenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni nzuri: ukikata usukani gari likiwa sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyaga mafuta, pampu inakuwa mzigo na injini ingetaka kuzima, kwa hiyo vali inairuhusu injini ivute hewa ya ziada ili isishuke. Sili ya ndani ya vali hiyo ikichoka, injini haivuti hewa tu. Inavuta haidroliki kutoka kwenye pampu na kuichoma kwenye silinda. Hakuna tone chini, hakuna mpira uliolowa, na kopo linakauka. Mzee alichomoa mipira ile miwili, akaigeuza juu ya kitambaa cheupe. Yakadondoka matone mawili mekundu. Mipira ile haitakiwi kuwa na kitu ndani isipokuwa hewa.

Kwa hiyo pampu ya mtumba niliyoifunga ilikuja na ugonjwa wake, na ile niliyoitoa haikuwa na kosa. Nikaenda kwenye buti. Mzee akaizungusha puli yake kwa mkono, akaisikiliza karibu na sikio, akaivuta na kuisukuma kupima kama inacheza. Haikucheza. Akabadilisha sili ya shafti na oringi ya mdomo wa kufyonza kwa tahadhari, akairudisha mahali pake. Mpira mpya wa kufyonza akautafuta wa kustahimili oili. Hilo alilisisitiza, kwa sababu mpira wa maji ya rejeta ukikaa kwenye haidroliki unalainika kama ubani. Klampu mbili mpya za kukaza kwa bisibisi. Vyote pamoja na kazi yake havikufika nusu ya bei ya ile pampu ya Dar.

Alipokuwa akisafisha alinionyesha mahali pengine pa kutazama, kwa siku ambazo oili itatoka kwa kuonekana. Osha kwanza, ukaushe, kisha ndipo utafute. Gari lililojaa tope la oili la miaka mitano halisemi lolote. Ukiona mstari wa oili umerushwa chini ya boneti sambamba na puli, sili ya shafti ya pampu ndiyo inayovuja, na puli inatawanya. Unyevu pale chuma kilipobanwa na mpira wa shinikizo ni mpira umechoka, nao upelekwe kwa wanaobana mipira ya matrekta na makatapila kwa mashine. Klampu ya kawaida hapo itafyatuka. Na ile mipira yenye mikunjo kama kinanda kwenye ncha mbili za reki, ibinye. Ikiwa na oili ndani inayocheza kama maji kwenye kibuyu, sili za reki zimekufa, na hiyo ndiyo kazi yenye gharama kweli. Usipapase mpira wa shinikizo kwa mkono injini ikiwaka. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa nguvu ile inaweza kupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi. Na oili ikiwa inadondokea kwenye bomba la moshi, usiendeshe hata siku moja, maana inashika moto.

Kama huna hakika tone ni la nini, lidondoshee kwenye karatasi nyeupe, kisha ongeza maji. Maji ya rejeta ya Toyota nayo ni mekundu, ila yatachanganyika na maji. Haidroliki itakaa pembeni na kung'aa. Tatizo ni gari la otomatiki, kwa kuwa gia nayo hutumia oili nyekundu ya namna hiyohiyo. Hapo usimwamini rangi, fuata unyevu kwenda juu hadi unapoanzia.

Nilimuuliza juu ya zile chupa za dawa ya kuziba zinazouzwa kwenye maduka ya spea. Alisema zinavimbisha sili kwa muda, na mwenye gari anapata usingizi wa miezi michache. Mimi naongeza kwamba usingizi huo haunifai kwenye kona za Soni. Na kuhusu oili ya breki alikasirika kabisa. Kuna watu wanaijazia kwenye kopo la steringi wakiwa njiani kwa sababu ndiyo iliyo karibu, nayo inaharibu mipira yote ya ndani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. RAV4 yangu inataka ATF, yaani oili ya gia ya otomatiki, ya aina ya Dexron II au III. Honda wanataka ya kwao, na magari kadhaa ya Kijerumani yanataka ya kijani. Soma kifuniko cha kopo au kitabu cha gari kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Kutoa upepo tulifanya jua likiwa limeshaelekea magharibi. Aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akaweka stendi, akanipa usukani. Injini imezimwa. Kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, polepole, yeye akiongeza oili kila inaposhuka. Nilizungusha mara 20, mikono ikaniuma. Mapovu makubwa yalipanda kwenye kopo kama chungu cha maharage, kisha madogo, kisha hakuna. Ndipo akaruhusu injini iwashwe, sailensa tu, tukarudia mara chache. Akazima, akachovya kijiti.

Milimita 2.

Nilipanda Lushoto jioni ile redio ikiwa imezimwa, vioo vimeshushwa, nikisikiliza kila kona. Hakuna nyuki.

Miezi minne imepita. Kila Jumapili nafungua kopo kabla ya kwenda kanisani, na alama haijashuka. Pampu ya Dar ipo mezani kwenye stoo. Niliifungua pamoja na mwanangu wa darasa la sita, akavihesabu vibamba, vikatimia 10. Jumapili iliyopita nilibinya mpira wa kwenye ncha ya reki upande wa abiria, nikakuta unyevu mwembamba kwa nje. Ndani hakuna oili inayocheza. Nimeupangusa ukakauka, nimeweka alama ya chaki pembeni yake, na kipande cha boksi safi kiko chini ya gari usiku huu.